JE, SISI NI WALIBERTARI?
Somo la siasa kutoka mpaka wa Busia na Malaba



Jina ni jambo jepesi kulitamka na zito kulichukua. Mtu akisema, "Mimi ni seremala," ataletewa mlango autengeneze, na hapo ukweli wake utajulikana. Lakini akisema, "Mimi ni mtu wa siasa fulani," mara nyingi hapana amwulizaye kitu, naye hulichukua jina lile miaka na miaka bila ya kulipima. Siku hizi wako miongoni mwa vijana wetu, na hata miongoni mwa wafanya biashara watu wazima, wajiitao walibertari, yaani watu wautangulizao uhuru wa mtu mmoja mmoja mbele ya kila kitu. Wengine jina hilo hawalijui, walakini usemi wao ndio huo huo: "Serikali ituondokee, ituache tutafute riziki zetu."

Somo letu la leo ni kulichunguza jina hili: lina maana gani, na ni nani astahikiye kulichukua. Tumechagua kulipimia Busia na Malaba, kwenye mpaka wa Kenya na Uganda. Sababu yetu ni kwamba hapo hata mtu asiyepata kufungua kitabu cha siasa hulazimika kila siku kukata shauri: apite penye forodha au apite vichakani, aitii amri au aikwepe. Wala msomaji wa pwani asidhani kuwa mambo ya huko hayamhusu. Gari lipakialo Kilindini kwenda Uganda hushika njia ya kilomita zaidi ya 900 hata lifike mpakani, na katika madereva, mawakala wa forodha na wenye mali wamo ndugu na jirani zetu. Kifungwapo kizuizi Malaba, chungu huchelewa kuinjikwa Mombasa.

MAANA YA NENO

Walibertari husema hivi: mtu ndiye mwenye nafsi yake, na ndiye mwenye mali aliyoichuma kwa haki. Basi hapana ruhusa kwa mtu mwingine, wala kwa serikali, kumlazimisha kwa lolote, maadamu yeye hakumdhuru mwenziwe kwa nguvu, wala kwa wizi, wala kwa udanganyifu. Robert Nozick, aliyekuwa mwalimu wa falsafa katika chuo kikuu cha Harvard, aliandika kitabu mwaka 1974 akieleza kwamba serikali ya haki ni ile ilindayo watu na mikataba yao tu; ikizidi hapo, imewadhulumu. Kodi ya mapato aliifananisha na kazi ya kulazimishwa. Murray Rothbard wa Marekani alikwenda mbele zaidi, akasema kuwa hata ulinzi na mahakama vyaweza kuendeshwa bila ya serikali. Friedrich Hayek, mzaliwa wa Vienna, alionya mwaka 1944 kwamba serikali itakayoushika uchumi wote mkononi mwake mwisho itawashika na watu wenyewe. Lakini Hayek huyo huyo alikubali kuwa nchi yenye uwezo impatie kila mtu chakula, mavazi na malazi ya kumtosha. Na jina lenyewe la mlibertari hakulipenda. Twaona basi kuwa hata wakubwa wa fikra hii hawakuafikiana, na kwamba mtu aweza kuwa jirani wa fikra bila ya kuwa mwenyeji wake.

Wala fikra hii haikubaki ng'ambo. James Shikwati, Mkenya, aliasisi taasisi yake ya mambo ya uchumi mjini Nairobi mwaka 2001, na mwaka 2005 jina lake lilienea duniani alipoliambia jarida la Kijerumani Der Spiegel kwamba misaada ipewayo Afrika ikomeshwe, kwa kuwa yaua kazi na akili za Waafrika wenyewe.

Kipimo kilicho chepesi kufahamika ni kile alichokichapisha Mmarekani David Nolan mwaka 1971, mwaka ule ule alioshiriki kuunda Chama cha Walibertari nchini mwao. Nolan alisema kuwa haitoshi kuwagawa watu kulia na kushoto. Yapasa kumwuliza kila mtu mambo mawili mbalimbali. La kwanza, wataka watu wawe huru kwa kiasi gani katika mali na biashara? La pili, wataka wawe huru kwa kiasi gani katika mwenendo wao wenyewe: wasemayo, waendako, wanywacho na watafunacho? Mlibertari ni yule ajibuye "wawe huru kabisa" katika yote mawili. Ajibuye hivyo katika moja na kukataa katika la pili, huyo si mlibertari, ajapojiita hivyo asubuhi na jioni.

Haya ndiyo mizani yetu. Na tuyachukue tuende nayo mpakani.

MPAKA NA WATU WAKE

Kabla ya tarehe 1 Aprili 1902, mahali pote tupaitapo Busia palikuwa ndani ya Uganda, kwani Jimbo la Mashariki la Uganda lilifika hata Naivasha. Siku ile serikali ya Kiingereza ililiondoa jimbo hilo Uganda na kulitia katika himaya ya Afrika Mashariki, iliyokuja kuitwa Kenya. Wasamia na Wateso walilala watu wamoja, wakaamka wamegawiwa baina ya nchi mbili, bila ya kuulizwa. Hata leo kuna Busia ya Kenya na Busia ya Uganda, na mtu aweza kuwa na shamba upande huu na wakwe upande wa pili.

Katika nchi ya namna hii, ni wepesi mtu kuona kuwa serikali ni kitu kilichomjia kutoka nje. Na mambo yaliyofuata yaliitia nguvu rai hiyo. Mwaka 1970 serikali ya Obote iliwafukuza Uganda wafanyakazi wengi wa Kenya. Mwezi wa Februari 1976 Idi Amin alidai kuwa sehemu kubwa ya magharibi ya Kenya ni mali ya Uganda kwa asili. Na mwaka 1977 Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki ikavunjika.

Hoja iliyo na nguvu kupita zote kwa walibertari ilitokea wakati huo huo. Mwezi wa Julai 1975 baridi kali iliunguza mibuni ya Brazil, na bei ya kahawa duniani ikapanda mno. Mkulima wa Uganda hakuiona faida hiyo, kwa sababu sheria ilimlazimu kuiuza kahawa yake kwa bodi ya serikali, nayo ilimlipa kidogo, tena kwa shilingi iliyokuwa ikipungua thamani kila uchao. Basi watu wakaivusha kahawa usiku kwa vichwa, kwa punda na kwa mitumbwi hata Kenya, na soko la Chepkube, kaskazini ya Malaba, likavuma kwa biashara hiyo. Amin alikuwa amekwisha kutoa amri mwaka 1975 ya kuunda baraza la kuhukumu makosa ya uchumi, lenye uwezo wa kumhukumu mtu kifo. Hapa twauliza: ni nani aliyekuwa mwizi? Ni yule aliyebeba gunia aliloliotesha kwa jasho lake, au ni yule aliyemlazimisha kuliuza kwa bei isiyotosha chumvi na sabuni? Asiyeiona haki iliyomo katika swali hili hajaufahamu ulibertari, wala hastahili kuurudi.

Hapa mpakani ndipo lilipozaliwa pia neno bodaboda, kutokana na neno la Kiingereza la mpaka. Vijana wenye baiskeli walikuwa wakiwachukua abiria na mizigo kati ya kituo cha nchi hii na kituo cha nchi ile. Hapana wizara iliyowabuni. Waliona haja ya watu, wakaitimiza, na leo kazi ile imeenea Afrika Mashariki yote. Mlibertari ana haki ya kuwaonyesha vidole watu hawa na kusema: tazameni, watu wakiachwa huweza.

MIZANI YA KWANZA: MALI NA BIASHARA

Hata hivyo, yatupasa kwenda polepole. Mtu kuchukia dhulma ya serikali ni jambo moja. Kuukubali uhuru wa biashara kwa kila mtu ni jambo la pili. Na hili la pili ndilo gumu.

Tutazame mahindi. Tarehe 5 Machi 2021 mamlaka ya kilimo ya Kenya ilipiga marufuku mahindi kutoka Uganda na Tanzania, ikisema yana sumu ya ukungu iitwayo aflatoksini. Malori yakakwama Busia na Malaba, na wenye mali wakalia kuwa wameonewa. Baada ya siku chache marufuku ikaondolewa, na mahali pake yakawekwa masharti ya cheti na upimaji. Zilikuwapo sauti za kuipinga amri ile, na zilikuwapo za kuifurahia, hasa kwa wale wauzao mahindi yao wenyewe, kwani ya jirani huteremsha bei.

Sasa tumshike mtu mmoja wa mfano, mwenye duka la nafaka Busia. Mwezi wa Machi alisema serikali ni adui wa riziki. Huyu huyu ana ndugu alimaye miwa katika kaunti hiyo hiyo, naye husema kila mwaka kuwa serikali izuie sukari ya nje isije ikawaua wakulima. Na jirani yake afugaye kuku asema mayai ya Uganda yazuiliwe. Kila mmoja wao ataka mlango uwe wazi apitapo yeye, na ufungwe apitapo mshindani wake. Hapana hata mmoja aliye mlibertari. Hao ni wafanya biashara wapendao faida, na si dhambi kuipenda faida. Lakini haifai kuipa faida jina la uhuru.

Mlibertari wa kweli ni yule mfuga kuku ambaye mayai ya jirani yamemharibia bei, kisha akasema: "Waacheni wapite, ni haki yao kuuza, na ni haki ya mnunuzi kuchagua." Mtu huyo akitokea tutampa jina lake kwa heshima zote. Mpaka hapo, tuliweke kabatini.

Tena, swali la sumu ni la haki. Mwaka 2004 aflatoksini katika mahindi iliwaua watu 125 katika sehemu za mashariki ya Kenya. Mnunuzi haioni sumu hii kwa jicho, wala haijui kwa ladha. Mlibertari atajibu kuwa muuzaji ashitakiwe akidhuru, na kuwa wapimaji wa kujitegemea waweza kuifanya kazi hiyo kuliko maafisa. Jibu hili si la kupuuzwa. Lakini mjane aliyepika sima jioni na kuzika mtoto baada ya siku kadhaa atamshitaki nani, hali mahindi yale yalipita mikono kumi kabla ya kufika sokoni? Hapa sisi twaona kuwa mpimaji wa serikali, akiwa mwaminifu, ni mlinzi wa yule asiyejua kujilinda.

Na kuna jambo jingine la kulitia mizanini. Uhuru wa biashara ulioko leo mpakani haukuletwa na kutokuwapo kwa serikali. Umeletwa na serikali zilizokubaliana. Jumuiya mpya ya Afrika Mashariki ilizaliwa kwa mkataba wa mwaka 1999; umoja wa forodha ukaanza mwaka 2005, na soko la pamoja mwaka 2010. Mwenye bidhaa za Jumuiya zisizozidi thamani ya dola 2,000, zikiwa katika orodha iliyokubaliwa, hupewa cheti chepesi hapo hapo mpakani na kuzipitisha bila ya ushuru wa forodha. Tangu mwaka 2014 ushuru wa shehena ziendazo Uganda hulipwa kabla hazijatoka Mombasa. Na tarehe 24 Februari 2018 marais wa nchi mbili walikifungua rasmi kituo cha pamoja cha Busia, ambapo maafisa wa pande zote hufanya kazi chini ya dari moja, ili msafiri asimame mara moja badala ya mara mbili. Wako wachuuzi waendeleao kushika njia za panya, kwa kutojua haki zao au kwa kuchelea kuombwa rushwa. Kwa hao dawa ni elimu ya haki yao na hukumu juu ya mla rushwa. Ile njia ya panya ina watoza wake pia, nao hawatoi stakabadhi.

MIZANI YA PILI: MWENENDO WA MTU

Sasa turudi kwetu pwani, tujipime wenyewe, maana ni wepesi kumpima mtu wa Busia.

Mwezi wa Mei 2024 serikali za kaunti za Mombasa na Kilifi zilipiga marufuku muguka, majani yatafunwayo yaletwayo kutoka Embu. Rais wa nchi akasema amri hizo hazina nguvu ya sheria, na shauri likafika mahakamani. Wazee wengi wa pwani, na hasa akina mama walioona vijana wao wakikesha vibarazani na mashavu yamejaa, waliishangilia marufuku ile. Nasi hatuwalaumu, uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Lakini twauliza kwa ajili ya somo letu: je, mtu aliyeishangilia marufuku ile ni mlibertari? Hasha. Mlibertari atasema kuwa mtu mzima na atafune atakacho, maadamu hamnyang'anyi mtu. Mkulima wa Embu auze, na mwenye kioski anunue. Ukimwambia kuwa kijana anapotea, atakujibu kuwa kumnasihi ni juu ya mzazi na mwalimu, si juu ya askari. Basi yule ndugu yetu aliyesema Jumatatu kuwa kodi ni wizi, na Ijumaa akaitaka serikali ifunge vioski vya muguka, amejibu maswali mawili ya Nolan kwa majibu mawili mbalimbali. Si vibaya awe hivyo. Vibaya ni kutojijua.

KODI, NA KUITII SHERIA

Wako wasemao, "Lakini sisi tulizikataa kodi mpya, basi sisi ni walibertari." Hapana. Busia yenyewe yatupa mfano ulio wazi. Okiya Omtatah, mtu aliyejulikana kwa kuipeleka serikali mahakamani, na aliyechaguliwa seneta wa Busia mwaka 2022, alikuwa miongoni mwa walioishitaki Sheria ya Fedha ya mwaka 2023. Tarehe 28 Novemba 2023 Mahakama Kuu iliibatilisha tozo ya nyumba. Tarehe 31 Julai 2024 Mahakama ya Rufani ikaibatilisha sheria nzima. Na tarehe 29 Oktoba 2024 Mahakama ya Juu ikaigeuza hukumu hiyo. Hoja zilizobishaniwa huko hazikuwa kwamba kodi zote ni wizi. Zilikuwa kama Katiba ilifuatwa, na kama wananchi walisikilizwa kama ipasavyo. Kifungu cha 210 cha Katiba ya 2010 chasema kuwa hapana kodi ila kwa sheria. Mwenye kushika hoja hiyo ataka serikali ifungwe na sheria, hakusema isiwepo. Kadhalika vijana wengi waliotoka mabarabarani mwezi wa Juni 2024, mpaka Rais akakataa kuutia saini Mswada wa Fedha, walilalamikia uzito wa kodi na ulaji wa mali ya umma, na wengi wao walitaka hospitali na shule zilizo bora zaidi. Hayo ni madai ya watu waitakao serikali iwe amini.

Wala wasomaji wetu wasidhani kuwa maswali haya yalianzia Marekani. Ibn Khaldun, aliyefariki mwaka 1406, aliandika kuwa dola changa hutoza kidogo na kupata kingi, na dola iliyozeeka hutoza kingi na kupata kidogo, kwa sababu watu huvunjika moyo wa kufanya kazi. Na katika mapokezi ya Abu Daud na Tirmidhi imo habari ya Mtume wetu (s.a.w.) kwamba bei zilipopanda Madina aliombwa aziwekee kiwango, naye hakukubali, kwa kuchelea kumdhulumu mtu. Ibn Taymiyya akaja akafafanua kuwa yafaa mtawala aingie kati pale wafichao chakula wapandishapo bei kwa hila. Basi wakubwa wetu waliuheshimu uhuru wa soko, na wakauwekea mpaka pale uhuru wa mmoja unapokuwa dhiki ya umma. Huo si ulibertari, wala si kuitukuza serikali.

MWISHO WA SOMO

Sisi wenyewe, tukiulizwa, twasema hatustahiki jina la walibertari. Twakubali nusu ya hoja yao, nayo ni nusu ya thamani: kwamba afisa hana mali ila aliyopewa na raia kwa amana, na kwamba kila amri imzuiayo mtu riziki yake yapasa itolewe sababu. Nusu ya pili hatuikubali, kwa sababu mnyonge asiye na lori, wala wakili, wala ndugu kituoni, hulindwa na sheria au halindwi na kitu.

Lakini twamheshimu mlibertari mkweli kuliko tumheshimuvyo mtu abadilishaye itikadi kila apitapo forodhani. Basi kila msomaji ajiulize maswali haya manne, naye ayajibu kabla ya kujipa jina lolote:

1. Uhuru niutakao mimi katika biashara, nampa na yule aniharibiaye bei?

2. Nikipewa mimi upendeleo na serikali, leseni ya peke yangu au kinga ya ushuru, nitaukataa?

3. Jambo nilichukialo katika mwenendo wa jirani, ambalo halinidhuru, nataka askari alizuie au nitamnasihi tu?

4. Kodi niikataayo, naikataa kwa kuwa ni kodi, au kwa kuwa imetozwa bila ya haki na kuliwa na wasiostahiki?

Aliyejibu yote manne kwa upande wa uhuru, na akawa tayari kupata hasara kwa majibu yake, huyo ndiye mlibertari, na alichukue jina lake. Aliyejibu baadhi tu, kama wengi wetu tulivyo, na atafute jina jingine la kumwenea, au akae bila ya jina, ashike haki pale aionapo. Maana siku ya uchaguzi hatutaulizwa jina letu. Tutaulizwa twamtaka nani, kwa kazi gani, na kwa mipaka gani. Asiyejua mipaka aitakayo yeye mwenyewe atawekewa na wengine, kama walivyowekewa watu wa Busia mwaka 1902.